Maana ya Mtondogoo

Verdiana alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Mabwerebwere, Kilosa, na watu waliuogopa ulimi wake kuliko walivyoupenda mkono wake. Hata hivyo walirudi kwake, maana sare aliyoishona yeye ilimfupikia mtoto kabla haijachanika. Alikaa barazani na cherehani yake ya miguu, na kila apitaye alipata lake: huyu kanenepa kama gunia la pumba, yule mkewe ndiye anayevaa suruali. Alikuwa mjane, mtu wa misa ya kwanza, na mtoto wake alikuwa mmoja tu, Sesilia. Mji ulimwita Mama Sesi, ukaendelea kumwita hivyo hata baada ya Sesilia kutokuwepo.

Sesilia alichukuliwa na maji. Ndivyo ilivyojulikana. Mwaka ule mto Mkondoa ulivunja tuta, nyumba za bondeni zikajaa tope hadi madirishani, na baada ya maji kupungua mwavuli mwekundu wa Sesilia ulikutwa umenasa kwenye matawi chini ya daraja. Walimtafuta mpaka wakachoka. Padri akasoma misa, msalaba ukasimikwa makaburini juu ya udongo usio na mtu chini yake. Verdiana hakulia mbele za watu. Wanawake wa jumuiya walisema ana moyo wa jiwe. Wengine wakasema mwacheni, kila mtu na msiba wake.

Nyuma ya soko kulikuwa na banda la video la Evance: mabati, mabenchi, na televisheni kubwa iliyofunikwa kwa kanga asubuhi ili vumbi lisiingie. Mabanda kama hayo Kilosa yalikuwa yamebaki machache, kwa kuwa watu siku hizi wana simu. La Evance lilijaa kwa sababu ya maneno yake. Picha ikiisha alisimama mbele na kuichambua: nani alimuua nani kweli, kwa nini yule alivaa nyekundu, mwongozaji alificha nini. Maneno hayo aliyarekodi na kuyaweka mtandaoni, na watu wa hadi Dodoma na Dar walimfuatilia.

Kati ya Evance na Verdiana kulikuwa na jambo la zamani. Sesilia alipomaliza kidato cha nne, akiwa nyumbani anasubiri matokeo, alizoea kutoroka mchana kwenda bandani. Evance alimpenda. Alimwekea nafasi ya mbele, akamnunulia soda, na mwisho akamtuma shangazi yake apeleke posa. Verdiana hakumjibu shangazi. Aliinuka palepale, tepu ya kupimia ikiwa shingoni, akaenda bandani, akasimama mbele ya televisheni watu wakiwa wamejaa.

"Evance," alisema kwa ile sauti ya kuanzisha wimbo kanisani, "mwanamume analima, au anajenga, au anafundisha. Wewe unauza vivuli. Mwanangu hali vivuli."

Akamshika Sesilia sikio, akatoka naye. Banda lilicheka hadi picha ikasahaulika. Tangu siku hiyo Evance akaitwa Muuza Vivuli. Watoto walimwita hivyo njiani naye aliwapungia mkono, akalipaka hata jina hilo kwa rangi juu ya mlango wa banda. Waliomwona anacheka walidhani yameisha.

Filamu iliyoleta balaa ilitengenezwa na vijana wa Morogoro, ikapigwa Mikumi na kwenye reli ya zamani hapa Kilosa, na ndiyo maana kila mtu alitaka kuiona. Iliitwa Mtondogoo. Mwanamume amefiwa na mkewe. Anagundua behewa bovu lililotupwa kando ya reli, na kila akilala humo anaamka katika siku zilizopita. Lakini kila akirudi nyuma kumwokoa mkewe, kuna kitu cha mbele kinampotea: leo jina la mtoto wake, kesho nyumba yake. Kuna mahali fulani ambapo muda wote unageuka. Vumbi linarudi chini ya magurudumu ya malori, moshi unaingia midomoni mwa wavutaji, chai inapanda kutoka kikombeni kwenda ndani ya chupa. Na tangu mwanzo hadi mwisho hakuna mtu anayelitamka neno mtondogoo. Linatokea kwa herufi nyeupe picha inapoanza, basi.

Hilo liliwakosesha watu raha. Boniface wa bodaboda alishikilia kwamba ni jina la zimwi la mtoni. Ulimboka, mwenye Noah ya abiria, alisema ni namba ya siri ya behewa iliyoandikwa kwa maneno. Mabishano yalifika kwa kinyozi, kwa muuza chipsi, hadi kwenye kundi la simu la wazazi wa shule, mpaka siku moja Mwalimu Melkizedek, mstaafu, akaingia bandani na kusimama na kofia yake mkononi.

"Leo, kesho, keshokutwa, mtondo, mtondogoo," alisema. "Ni siku, jamani. Ukihesabu na leo, ni ya tano. Bibi zetu walihesabu hivyo. Kamusini limo."

Watu wakasikitika, kwa kuwa maana ya kamusini haina utamu.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Evance.

"Marahaba."

"Sasa, mwalimu wangu, filamu ni ya kurudi nyuma. Kwa nini waipe jina la siku ya mbele? Mwizi akikutajia jina lake, ndilo hilo?"

Banda likapiga makofi. Mwalimu alitikisa kichwa, akavaa kofia, akaondoka.

Wiki hiyo Evance alikuwa akitafuta vipande vya kuweka kwenye uchambuzi wake. Aliirudia ile sehemu ya muda kugeuka, picha baada ya picha. Nyuma ya mwigizaji mkuu, katika mgahawa wa kando ya barabara, mhudumu mmoja alipita kinyumenyume amebeba trei ya vikombe. Aliibeba kwa mkono wa kushoto. Juu ya kiwiko, kwenye ngozi, palikuwa na kovu lenye umbo la ncha ya pasi. Evance aliisimamisha picha, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Uso ulikuwa umejaa kidogo, nywele zimekatwa. Lakini alikuwa Sesilia.

Alimpigia simu mmoja wa vijana wa Morogoro, akauliza kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa. Akajibiwa kwamba filamu ilipigwa mwaka uliopita, na yule si mwigizaji. Ni mhudumu wa mgahawa uleule, kwa mama mmoja wa Kinyakyusa anayeitwa Tumwagile. Dada mwenyewe jina lake Imani, ana mtoto mdogo.

Mwaka uliopita mafuriko yalikuwa yameshakuwa hadithi. Mtu mwingine angekimbia peku hadi barazani kwa Verdiana. Evance alikaa na habari ile siku kadhaa, akiinyonya polepole kama pipi.

Jumapili, baada ya misa, alikwenda.

"Mama Sesi, shikamoo."

"Marahaba. Leo umekuja kushona nini, pazia la banda?"

"Nimekuja kukualika. Kuna kivuli kimoja ningependa ukione."

"Nenda zako."

"Kinafanana na marehemu, mama."

Verdiana alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Alijifunga kanga kiunoni, akamfuata.

Bandani walimwekea nafasi ya mbele. Evance alikuwa ameshawaambia watu wake kwamba leo kutakuwa na mambo, na Boniface alikuwa pembeni ameinua simu. Picha ilipofika mahali pale, malori yakameza vumbi lao, na mwanamke mwenye trei akapita akirudi nyuma, taratibu, mgongo ukitangulia. Evance hakuisimamisha. Aliiacha ipite, kisha akairudisha, akaiacha ipite tena.

"Sesi!" Verdiana alisimama. "Sesilia! Geuka!"

Mtu mmoja akacheka, na kicheko kikashika benchi hadi benchi. Mama mzima anaita televisheni. Verdiana hakuwasikia. Alikuwa ameweka kidole juu ya kioo, pale kwenye kovu. Yeye ndiye aliyejua lilivyopatikana, kwa kuwa pasi siku hiyo ilikuwa mkononi mwake.

"Hii ilipigwa lini?" aliuliza.

"Waliotengeneza hawasemi," Evance alisema.

"Unamjua huyu? Yuko wapi?"

"Mama yangu, mimi nauza vivuli. Wenye vivuli siwajui." Kisha akasogeza ubao aliokuwa akiandikia ratiba, akachukua chaki. "Lakini kaa, nikusomee jina."

Akaandika MTONDOGOO kwa herufi kubwa.

"Mwalimu anasema ni siku. Sawa, ni siku, lakini hiyo ni ganda. Hesabuni O. Ziko nne. O ni nini? Ni shimo. Ni mdomo wa kaburi, ni mdomo wa mto. Mashimo manne, siku nne za kuvuka, na ukitoka kwenye la nne umefika siku ya tano. Sasa zifuteni." Akazifuta kwa kidole gumba, moja moja. "Kinabaki nini? M, T. Hiyo ni mtu. N, D, G. Hiyo ni ndugu. Mtu ndugu. Anayerudi siku ya mtondogoo ni mtu wa damu yako."

Banda lilipiga mayowe. Hata waliojua kuwa ni mzaha walihisi baridi mgongoni, jinsi herufi zilivyokaa. Evance aliinua mkono, wakatulia.

"Leo Jumapili, Alhamisi ndiyo mtondogoo. Palipopigwa picha ni Mikumi. Mama Sesi, mimi ningekuwa wewe ningekwenda. Ningevaa nguo ya msiba ileile, anayerudi asije akanipotea."

Siku zile Verdiana hakushona. Alikaa barazani mikono imelala juu ya meza ya cherehani, na waliopita walishangaa kutotukanwa. Hakuwa mjinga. Alijua Evance anamlipiza. Alijua pia kwamba filamu inaweza kuwa ya kabla ya maji, kwamba vijana hupiga picha leo wakaitoa baada ya miaka, na kwamba kinachotembea ndani ya kioo si lazima kiwe kinatembea duniani. Lakini kila alipofikia hapo, yale mambo ya herufi yalikuja yenyewe. Alijikuta anayaandika kwa chaki ya kupimia juu ya kitambaa cha mteja, anafuta O, anaandika tena.

Alhamisi asubuhi Noah ya Ulimboka ilisimama mbele ya baraza. Ndani walikuwemo Evance, Boniface na vijana wengine waliokuja kutazama. Verdiana alitoka amevaa kitenge cheusi cha msiba. Mwalimu Melkizedek alikuwa amekuja kumzuia, akashika mlango wa gari.

"Verdiana, usiende. Kijana huyu anakuchezea."

"Najua ananichezea, mwalimu," alijibu. "Lakini nimemwona."

Walipita kijiji cha Zombo vumbi likiwafuata, vijana wakiimba nyuma ya gari nyimbo za kumsindikiza maiti, kwa utani, kisha wakiomba radhi, kisha wakiimba tena. Verdiana alitazama mbele. Mara moja tu alifungua mdomo, kumwambia Ulimboka asikimbize gari kwenye mashimo.

Mgahawa wa Tumwagile ulikuwa kando ya barabara kuu, pale malori ya kwenda Zambia yanapopumzika. Madereva walikuwa wameshaanza kula. Nyani mmoja alikuwa ameketi juu ya pipa akichambua ganda la ndizi. Evance aliwapanga watu wake vizuri, Boniface kushoto na kijana mwingine kulia, simu zote juu, akamwacha Verdiana asimame katikati ya ua.

Sesilia alitoka jikoni na trei mkononi, mkono wa kushoto.

Alitembea hatua kadhaa kabla ya kumwona yule mwanamke mwenye nguo nyeusi. Vikombe vilitikisika mara moja, vikatulia. Akawaona vijana. Akamwona Evance. Akaziona simu.

"Shikamoo, mama," alisema, kwa sauti wanayosalimiwa wateja wote. "Karibuni. Mnakula nini?"

Verdiana alifungua mdomo, lakini marahaba haikutoka.

"Sesi," alisema. "Ni mimi."

"Samahani, mama, umenifananisha. Mimi naitwa Imani."

"Mwambie, mama!" Evance alipaza sauti kutoka nyuma ya simu. "Mwambie umemtoa kwenye maji! Mwonyeshe kovu!"

Madereva walikuwa wameacha kula. Mmoja alisimama juu ya benchi apate kuona. Sesilia aliihamishia trei mkono wa kulia, akauficha ule wenye kovu nyuma ya aproni, akamtazama mama yake. Hakuwa anamsihi. Alikuwa anangoja tu kuona atafanya nini, kama mtu anavyomngoja mbwa anayemfahamu kuwa anauma.

Verdiana aliligundua hilo. Alivuta pumzi, akawageukia watu.

"Si yeye," alisema. "Wamefanana tu. Mwanangu alikufa maji."

Kicheko kilikuwa kikubwa. Boniface alicheka mpaka simu ikacheza mkononi. Evance peke yake hakucheka. Alikuwa amekuja kuona mtu anaanguka chini na kugaagaa, na wale wawili walikuwa wamesimama wima wote. Lakini alikuwa amepata picha. Akawaambia vijana wakae, waagize.

Tumwagile, mwanamke mpana mwenye haraka, alimshika Verdiana kiwiko na kumpeleka nyuma ya jiko, kwenye bomba, anawe uso. Sesilia alikuwa huko, ameinamia sufuria la wali. Hakugeuka. Alingoja mpaka Tumwagile arudi mbele.

"Kwa nini umekuja nao?"

"Sikujua kama upo."

"Sasa umejua."

"Tulikusomea misa, Sesi. Una msalaba."

"Nilisikia. Dereva mmoja wa Kilosa alinisimulia msiba wangu nikimpakulia wali. Akasema mama wa marehemu hakutoa chozi. Nikamwongezea maharage."

"Nililia ndani kwangu."

"Haya."

Maji ya bomba yaliendelea kutoka. Verdiana aliyafunga. Alitaka kusema mengi, akasema lililokuwa karibu zaidi, ambalo lilikuwa la kipumbavu.

"Evance anasema lile neno la filamu ni mtu ndugu. Ukitoa zile O. Anasema kwamba siku ya mtondogoo..."

Sesilia aligeuka, akacheka. Verdiana alikuwa amesahau kicheko hicho, na hakikuwa kimebadilika hata kidogo.

"Nilimuuliza yule mwongozaji mwenyewe. Alikuwa anakunywa chai pale. Akasema alilikuta kwenye kamusi, akalipenda kwa kuwa hakuna anayelijua. Watu wakibishana, filamu inatembea. Ndiyo maana yake, hakuna nyingine." Alifuta mikono. "Na mimi sikurudi nyuma popote. Siku ile nilikuwa natembea mbele, na trei yangu, naenda zangu. Wao ndio waliogeuza picha."

"Kwa nini hukuleta hata neno moja?"

"Wewe ulinipa neno gani la mwisho? Pale mlangoni. Lirudie."

Verdiana alilikaza bomba ambalo lilikuwa limeshafungwa.

"Mvua inanyesha, mimi nina mimba, aliyenipa mimba ameondoka na kambi yao ya ujenzi wa reli. Ukasema, 'Nenda, na maji yakuchukue.' Nikaenda. Darajani upepo ukaninyang'anya mwavuli, nikapata lori la mahindi. Asubuhi redio inasema mto umevunja tuta. Niliposikia mmenizika, nikasema basi, mama amepewa alichoomba. Nimnyang'anye kwa nini?"

Mtoto wa kike alitokea upande wa kuni, kanga ya mama yake ikimburuzika, kijiko mdomoni. Alimtazama mgeni, akamtazama mama yake.

"Mama, nani huyu?"

"Mteja. Msalimie."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," alisema Verdiana, na safari hii ilitoka. Akachuchumaa. "Anaitwa nani?"

"Jina lake la nini kwako?" Sesilia alimvuta mtoto nyuma ya sketi yake. "Ukitaka kunifanyia jambo, niache nilikofia. Waambie wote si mimi."

"Nimeshawaambia."

"Endelea kuwaambia."

Aliporudi mbele, vijana walikuwa wamemaliza kula. Njia nzima ya kurudi Kilosa waliitazama ile video, wakirudia mahali anaposema "Ni mimi," na Boniface akaiga sauti hiyo vizuri sana.

Evance aliitoa Ijumaa. Aliipa kichwa cha habari: Mama wa Kilosa Amfuata Maiti Mikumi, Maana Halisi ya Mtondogoo Yafichuka. Akamweka yule mhudumu anayerudi nyuma, akaweka uso wa Verdiana, ubao na herufi, na jina la mgahawa, watu wajionee wenyewe. Ilisambaa kuliko kitu chochote alichowahi kutengeneza. Kuna waliocheka, kuna waliogombana kwa siku kadhaa juu ya zile O, na kuna walioamini kabisa. Hao wa mwisho ndio waliosimamisha magari. Walifika Mikumi kumwona mwanamke aliyetoka kwenye maji. Walimpiga picha akiosha vyombo. Mhubiri mmoja alikuja na spika, akamkemea pepo mbele ya madereva. Baadhi ya wale madereva wa siku zote wakaanza kusimama kwenye mgahawa wa jirani, maana mtu hali chakula kilichopakuliwa na mkono wa mzuka.

Habari hizo zilimfikia Verdiana barazani. Alivua tepu shingoni, akaenda bandani mchana, watu wakiwa wamejaa.

"Evance, ifute."

"Mama Sesi, shikamoo."

"Ifute, nakuomba."

"Kwa nini? Si ulisema si yeye? Kama si yeye, inakuumiza nini?"

Watu waligeuka kutazama. Verdiana aliona mtego ulivyokaa. Akisema inamuumiza, amemtaja Sesilia. Magoti yake yalikuwa mabovu kwa miaka ya kukanyaga cherehani, lakini aliyapiga chini, kwenye vumbi na maganda ya karanga, akaunganisha mikono.

"Mimi nauza nini, mama?" Evance aliuliza kwa upole.

"Filamu."

"Sio vivuli?"

"Sio vivuli."

"Sema kwa sauti ile ya kanisani, wa nyuma hawakusikia."

Akasema kwa sauti ile. Hakuna aliyecheka safari hii, ila hakuna aliyeinuka pia. Mwalimu Melkizedek alikuwa mlangoni, akitazama ukutani. Evance alitoa simu, akaifuta video mbele yake, akamwonyesha kioo.

"Nimeifuta. Nyanyuka, mama, utachafua nguo."

Kufuta kwenyewe hakukuwa na faida. Watu walikuwa wameshaichukua na kuipachika kwao, kwa majina yao, na wengine wameongeza muziki. Evance alilijua hilo kabla hajatoa simu mfukoni. Mwezi huo alinunua televisheni mpya na kupanua banda, na kufikia mwisho wa mwaka aliitwa Morogoro kuchambua filamu mbele ya vijana walewale walioitengeneza. Walimwambia wamefurahi sana kujua maana ya jina la filamu yao.

Verdiana alikaa wiki chache. Kisha akakata kitambaa cha maua, akashona gauni dogo kwa kukadiria tu, kwa jinsi kanga ilivyokuwa ikiburuzika. Akaacha pindo kubwa ili liweze kuongezwa. Hakumwambia mtu. Alipanda basi dogo la asubuhi, akashuka Mikumi kabla ya mchana, akaketi kwenye benchi la mwisho la mgahawa na gauni likiwa ndani ya mfuko wa rambo mapajani.

Msichana aliyekuja na trei hakuwa Sesilia.

Alipoulizia, Tumwagile mwenyewe alikuja, akijifuta jasho kwa kanga. Hakumkumbuka.

"Imani aliondoka. Mimi sikumfukuza, mama, lakini sufuria langu lilikuwa linarudi jikoni limejaa. Nikamwambia, mwanangu, mimi nina watoto. Akafunga mzigo. Alipakia lori na mtoto wake."

"La kwenda wapi?"

"Sikuuliza. Iringa, Mbeya, Tunduma, barabara ni moja. Akikaa mahali, watu wakimtambua tena, atahama tena. Dunia haina haya." Alimtazama Verdiana, akatazama mfuko. "Wewe ni nani wake?"

Malori mawili yalikuwa yanaingia uani, madereva wakiteremka na kupiga kelele za njaa. Verdiana alikunja mdomo wa mfuko mara mbili.

"Sina undugu naye," alisema. "Nilisikia tu habari."

"Aa. Wako wengi wanaokuja kwa hilo." Tumwagile alianza kufuta meza mbele yake. "Sasa mama, utakula? Maana kama huli, samahani, nafasi hiyo nina watu wa kuwakalisha."

Verdiana aliinuka akawapisha.